FUNDI WA NYUMBANI: Gari lizimalo njiani na kuwaka tena



Baba mmoja wa familia ametuletea barua. Analo gari la zamani, Land Rover, alilolinunua kwa shemeji yake, nalo humsaidia kupeleka mahindi mnadani na kuwachukua wagonjwa wa kijijini kwao hadi zahanati. Gari hilo, asema, huwaka vizuri asubuhi, huenda kilomita nane au kumi, kisha hukohoa mara mbili tatu na kuzima. Akikaa kando ya njia muda wa kusali rozari moja, huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno, lakini mbele kidogo huzima tena. Amekwisha kubadili koili na plagi zote nne. Sasa fundi amemwambia kwamba injini yote ifunguliwe, naye auliza: "Je, nikubali? Ng'ombe wa kuuza ninaye mmoja tu."

Namjibu hapa mbele ya wote, maana najua hayuko peke yake. Ndugu yangu, ng'ombe huyo mwache zizini kwanza. Injini iliyochoka kabisa haiwaki vizuri kila asubuhi na kupanda milima kilomita kumi. Ugonjwa unaokuja na kuondoka mara nyingi ni wa kitu kidogo, na kazi yake si kuutibu bali kuukamata. Mimi mwenyewe niliupata ugonjwa huo huo mwaka 2014, nao ulinila fedha nyingi kabla sijajua natafuta nini.

Gari langu ni Land Rover ndefu ya mwaka 1969, ya petroli, silinda nne. Zamani lilikuwa la misioni, na herufi zake bado zaonekana mlangoni chini ya rangi. Lilianza kuzima njiani mwezi wa Mei, wakati kahawa inaanza kuiva. Nikalipeleka kwa fundi mjini. Alinisikiliza vizuri, akaliwasha pale uani kwake, likanguruma bila kukosea. Akafikiri kidogo, akasema, "Koili imechoka." Nikanunua koili. Siku mbili baadaye likazima. Mara ya pili akasema ni pampu ya petroli, na mara ya tatu akasema ni kabureta. Kila mara gari lilipofika uani kwake halikuwa na ugonjwa wowote, kila mara alikisia, na kila mara nililipa. Simlaumu sana, maana hata mganga aletewaye mtoto homa ikiwa imekwisha kushuka hana budi kukisia. Lakini fedha zile zilikuwa ada ya binti yetu wa kidato cha pili, na mama yake alinikumbusha hivyo pasipo kupaza sauti, jambo ambalo ni zito kuliko kupigiwa kelele.

Mwezi wa Julai, saa nne ya usiku, jirani aligonga mlango. Mke wake alikuwa na uchungu tangu mchana, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya. Kutoka kwetu hadi hospitali ni kilomita 26, njia ya udongo na milima. Tukamlaza mama yule nyuma juu ya godoro, mumewe na mkunga kando yake. Binti yangu, aliyekuwa likizoni, akakaa mbele nami ili ashike tochi. Tulipofika kama kilomita ya tisa gari likakohoa, likazima. Tukangoja, likawaka. Kilomita tano mbele likazima tena, katikati ya mlima, na safari hii mama yule hakuweza tena kunyamaza.

Nilifungua boneti, nikashika waya huu na waya ule bila kujua nafanya nini. Binti yangu akauliza, "Baba, petroli ipo?" Nikamjibu kwa ukali kwamba nimeijaza mwenyewe. Lakini yeye akaenda kimya kufungua mfuniko wa tangi atazame. Ndipo tulipoisikia sauti, kwa kuwa usiku ulikuwa mtulivu: fiiii, kama mtu avutaye pumzi baada ya kupiga mbizi. Nikapiga stata. Injini ikazunguka kidogo, ikashika, na safari hii haikuzima tena. Tuliufunga mfuniko kwa kuulegeza tu, tukaenda mwendo wa taratibu hadi hospitali. Mtoto alizaliwa kwa kupasuliwa kabla ya mapambazuko. Amekwisha kupokea Komunyo ya kwanza, na babaye hupenda kunitania kwamba ni mtoto wa mfuniko.

Kumbe nani alilitia gari ugonjwa ule? Ni mimi. Mwezi wa Aprili nilikuwa nimeona petroli ikimwagika mdomoni mwa tangi kila tulipopita mashimo. Nikachukua mfuko wa nailoni (siku hizo ilikuwa bado kila dukani, maana ilikuja kupigwa marufuku nchini Tanzania mwezi wa Juni 2019), nikaukunja mara mbili, nikaufunika mdomoni mwa tangi, kisha nikakaza mfuniko juu yake. Petroli haikumwagika tena. Wala hewa haikuingia tena. Kila mama ajua kwamba kopo la mafuta likitobolewa tundu moja tu, mafuta hutoka kwa shida na kusimama. Sharti utoboe la pili ili hewa iingie nafasi ya mafuta yatokayo. Tangi la gari ni vivyo hivyo. Pampu inapovuta petroli, hewa yapaswa kuingia kwa kitundu cha mfuniko. Hewa ikizuiwa, tangi huvuta kwa ndani, pampu nayo huvuta kwa nje, na pampu hushindwa. Ukikaa kando ya njia, hewa kidogo hupenya polepole, pampu hupata nafuu, nawe wadhani gari limepumzika.

Koili, pampu na kabureta za zamani hazikuwa na kosa lolote. Nimezitunza ghalani.

Magari ya namna hii hayakufika vijijini kwetu kwa anasa. Padre Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Waoblati, alianzisha chama cha MIVA mwaka 1927 kwa ajili ya kuwapatia wamisionari vyombo vya safari, baada ya rafiki yake Padre Otto Fuhrmann kufa kwa ugonjwa mwaka 1925 katika nchi iitwayo sasa Namibia, mbali na daktari. Mengi ya magari yaliyoletwa na misioni yamepita mikononi mwa makatekista, walimu na wakulima kama mimi, nayo bado yabeba wagonjwa usiku. Kwa hiyo afadhali mwenye gari la hivi ajue kulisikiliza.

Sasa tuingie kazini. Injini ya petroli hutaka mambo yale yale yanayotakiwa na jiko: kuni, hewa na moto. Kuni zake ni petroli, nayo huchanganywa na hewa katika kabureta. Moto wake ni cheche ya plagi, nayo yapaswa kuruka kwa wakati wake. Tena silinda lazima zibane vizuri, lakini mbano haupotei kilomita ya kumi na kurudi baada ya rozari moja, basi tuuache. Limebaki swali moja tu: wakati gari lilipozima, lilikosa moto au lilikosa petroli?

Angalieni neno hilo, wakati lilipozima. Magonjwa kadhaa hufanana sana. Lipo tangi lisilopumua, kama langu. Ipo takataka ndani ya tangi, kipande cha kutu au jani, ambayo huvutwa ikaziba mdomo wa bomba, na injini ikizima huanguka chini tena. Ipo koili inayofanya kazi ikiwa baridi na kushindwa ikipata joto. Kondensa nayo huweza kufanya hivyo hivyo. Tena, mahali pa joto, petroli huweza kuchemka ndani ya bomba lipitalo karibu na injini ya moto, na pampu ikabaki kusukuma mvuke. Yote hayo hupona kwa kungoja! Dereva angojaye robo saa ameufuta ushahidi wote kwa mkono wake, na fundi wa mjini ataliona gari zima lisilo na kasoro. Gari likizima, usiketi chini ya mti. Fanya uchunguzi dakika ile ile.

Lakini kwanza jihadhari na maisha. Lisukume gari kando ya njia, vuta breki ya mkono, weka jiwe kubwa nyuma ya gurudumu, na tandaza majani mabichi barabarani mbele na nyuma ili wajao waone. Watoto wakae mbali. Kama ni usiku, tumia tochi, wala usilete kibatari wala kijinga cha moto karibu na boneti. Sigara nayo izimwe, hata ya mzee uliyempa lifti.

Halafu nenda kwenye tangi. Legeza mfuniko polepole ukitega sikio. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, na gari likawaka mara, umekwisha pata jawabu. Safisha kitundu cha mfuniko kilichojaa tope. Kama mfuniko si wake bali umeazimwa gari jingine, tafuta ulio sawa. Usiache mdomo wa tangi wazi wala usiuzibe kwa tambara, maana petroli itamwagika, na vumbi la njia litaingia.

Kama hukusikia kitu, funga mfuniko, kisha uliza moto. Moto huulizwa kabla ya kufungua bomba lolote la petroli, maana cheche na petroli iliyomwagika havikai pamoja. Mimi huweka plagi moja ya akiba katika sanduku la vyombo kwa kazi hii tu. Chomoa waya wa plagi mojawapo ya injini, uuvike plagi ya akiba, na ilaze plagi hiyo juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na kabureta, igusane nacho vizuri. Usiishike kwa mkono, utapigwa shoti. Mtu mwingine apige stata, nawe utazame penye kivuli. Cheche nzuri ni ya buluu na nyeupe, nayo hulia tak, tak, tak. Ikiwa nyembamba ya manjano, moto ni dhaifu. Ikiwa hakuna kitu, umekwisha jua kwamba usihangaike na kabureta hata kidogo.

Moto ukikosekana kwenye plagi, rudi nyuma hatua moja. Chomoa ule waya wa katikati wa distributa, unaotoka kwenye koili, ushike kwa koleo lenye mpira mikononi, ncha yake iwe karibu na chuma cha injini, kama milimita sita hivi. Apige stata tena. Cheche ikiruka hapo, koili ni nzima, na ubaya uko katika kifuniko cha distributa, au katika rota iliyo ndani yake, au katika nyaya. Tazama kama kifuniko kimeingia maji au kina ufa mwembamba mweusi. Baada ya kuvuka mto au kuosha injini, kukifuta kwa kitambaa kikavu mara nyingi hutosha.

Cheche isiporuka hapo, fungua kifuniko cha distributa utazame platini, yaani vile vidomo viwili vinavyofunguka na kufumba injini ikizunguka. Je, vinafunguka? Kile kipande kinachosuguana na mhimili huisha polepole, na nafasi ya platini hupungua mpaka inakuwa si kitu. Kwa injini yangu nafasi hiyo, platini zikifunguka kabisa, ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Hupimwa kwa fila, yale mabati membamba yaliyoandikwa namba, ambayo bei yake ni ndogo, na mwenye gari la zamani asikose. Platini nyeusi husuguliwa kwa msasa laini, kisha hupanguswa kwa karatasi safi isibaki unga. Ukiona platini zinatoa cheche kubwa kila zinapofunguka, na zimeungua upesi ingawa ni mpya, mshuku kondensa, kile kikopo kidogo kilichofungwa kando yake. Kondensa ni ya bei ndogo. Beba ya akiba siku zote.

Koili ya kushindwa na joto hukamatwa hivi: gari limezima, hakuna cheche, koili ni ya moto hata mkono hauvumilii. Zima swichi. Izungushie koili kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, ungoje dakika chache, upime cheche tena. Ikirudi, umempata mwizi. Hapo ndipo mahali pa kununua koili, si kabla.

Sasa tuseme cheche ni nzuri. Basi ni petroli. Katika Land Rover za wakati huo, chini ya pampu ya petroli kuna kikombe cha kioo, na pembeni mwake kuna kijiti cha kupampu kwa mkono. Waingereza waliofikiria kijiti kile nawaombea mema, maana kimeniokoa mara nyingi. Tazama kioo kwanza. Ukiona matone yamekaa chini kama shanga, hayo ni maji, maana maji ni mazito kuliko petroli. Ukiona unga mwekundu, ni kutu ya tangi. Kisha fungua bomba kwenye kabureta, uingize ncha yake katika kopo, upampu kwa kijiti. Petroli yapaswa kuruka kwa nguvu kila ukipampu. Kijiti kikiwa hakina nguvu wala hakisukumi kitu, usidhani mara moja kwamba pampu imekufa. Pengine injini imesimama mahali pabaya, imeubana mkono wa pampu. Izungushe mara moja kwa hendeli, ujaribu tena.

Kama petroli haiji, fungua kikombe, osha kile kichujio cha waya, na ukirudisha kikombe hakikisha mpira au kizibo chake hakijapasuka. Ukiwa na ufa, pampu huvuta hewa badala ya petroli, nayo hewa hainyweki. Bado haiji? Fungua bomba upande wa tangi, na kwa pampu ya baiskeli au ya gari puliza kurudi tangini, mfuniko ukiwa wazi. Ukisikia mabubujiko ndani ya tangi, njia imefunguka. Basi siku nyingine nyumbani, tangi lishushwe likaoshwe, la sivyo takataka itarudi.

Kamwe usivute petroli kwa mdomo. Nawajua watu walioimeza na wakacheka, lakini tone likiingia mapafuni si kicheko tena, ni hospitali. Mtu akiimeza asilazimishwe kutapika, maana katika kutapika ndipo huingia mapafuni. Apelekwe kwa daktari. Wala petroli isitunzwe katika chupa ya soda. Mtoto haulizi, hunywa.

Petroli ikifika kwenye kabureta kwa nguvu, na cheche ni nzuri, na gari bado halitaki, pengine tundu dogo la kabureta limeziba. Lipulize kwa pampu ya baiskeli. Usilichokoe kwa waya, maana litapanuka, na gari litakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Na kama unasikia harufu ya petroli na kabureta inatiririka, huenda kile kisindano cha ndani kimekwama wazi. Gonga kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi, mara nyingi hurudi mahali pake.

Hayo ni ya njiani. Nyumbani, siku ya Jumamosi baada ya kazi, fungua plagi zote nne, uzipange mezani kwa utaratibu wake. Hizo ni kama ulimi wa mgonjwa. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi, petroli imezidi: tazama kama choki imekwama. Nyeusi na yenye majimaji ya oili, ringi za pistoni au valvu zimechoka katika silinda ile. Nyeupe yenye malengelenge, silinda ile imeungua kwa joto, na tena usiendelee na safari ndefu mpaka ujue sababu. Kabla ya kuchomoa nyaya zifunge vitambaa au uziandike namba. Kwa injini yangu cheche hufuata silinda 1, 3, 4, 2, na nyaya mbili zikibadilishana mahali, gari hupiga risasi kwa ekzosi na kuwatisha kuku wa kijiji kizima.

Hendeli nayo ina adabu yake. Giya iwe huru, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiuzunguke mpini. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikirusha nyuma, mkono utaachia. Wazee wengi wa zamani wana kifundo kilichopinda kwa sababu ya kusahau hilo.

Wako wanaosema taabu zote hizi ni kwa sababu ya petroli ya siku hizi isiyo na risasi. Si kweli. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Ilikuwa sumu kwa akili za watoto, na heri imekwenda. Katika injini za zamani zibebazo mizigo mizito, kukosa risasi kwaweza kula makalio ya valvu polepole kwa miaka. Hakuzimi gari kilomita ya kumi.

Ziko kazi ambazo sizigusi, nami nasema wazi. Oili ikibadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, au maji ya rejeta yakipungua kila siku na moshi mweupe usikome, maji yameingia mahali pasipo pake. Hiyo ni kazi ya fundi. Breki na usukani pia ni za fundi. Rejeta usiifungue ikiwa ya moto, hata kama abiria wana haraka. Na wenye magari mapya yanayotumia kompyuta wasichomoe nyaya za plagi injini ikiwaka kwa kufuata gazeti hili. Maneno yangu ni kwa magari ya kabureta na platini.

Jambo moja zaidi, nalo halina gharama. Nunua daftari, ulifunge kwa kamba ndani ya gari. Kila likizima andika: kilomita ngapi tangu lilipowaka, mlima au tambarare, jua au mvua, tangi limejaa au nusu, cheche ilikuwapo au hapana, petroli ilikuja au hapana. Badili kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha uandike. Mimi siku zile nilibadili vitu, nikalipa, nisiandike. Kama ningaliandika, ningaliona kwamba ugonjwa ulianza juma lile lile nililotia mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimekwisha kuusahau kabisa. Ukiwa na daftari hilo, hata ukienda kwa fundi, yeye hatakisia tena, na mafundi wengi waaminifu watafurahi kulisoma.

Basi, kwa baba yule aliyeandika. Juma hili usinunue kitu. Pakia maji, tochi, plagi ya akiba, koleo na kopo. Enda na kijana mmoja wa kupiga stata. Endesha njia ile ile mpaka gari lizime lenyewe, kisha mara moja nenda tangini ukatege sikio, halafu uliza cheche, halafu petroli. Niandikie kwa anwani ya gazeti umesikia nini na umeona nini, nami nitakujibu kabla ya mvua. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitawajibu akina mama wawili walioniuliza juu ya cherehani inayokata uzi.